Hakitaki Kukauka

Habari hii alinipa mjukuu wangu Dorah, Jumamosi ya pili ya Desemba iliyopita, siku tatu tangu arudi likizo kutoka Dubai. Tulikuwa jikoni tukichambua maharagwe. Alingoja kwanza nimalize chai yangu yote, nami nikajua kuna jambo, maana Dorah tangu utotoni habari nzito huileta baada ya chai.

Akasema, "Nyanya, ule mkwaruzo wa Jairus haukuwa mkwaruzo."

Jairus ni kaka yake. Wote wawili ni watoto wa mwanangu wa pili, na wote wako Dubai, yeye Dorah akiuza kahawa kwenye yale majumba marefu ya Jumeirah Lake Towers, na kaka yake akilinda mlango wa jumba moja hapo hapo jirani. Mwezi wa saba Jairus alinipigia simu, akaniambia amekwaruzika mguu, kidonda kidogo tu, ila hakitaki kukauka. Nikampa ushauri. Ushauri wenyewe utausikia mbele. Sijivunii, lakini pia sitauficha.

Kumbe ilikuwa hivi. Askari wa lindo wa Kenya na wa Uganda walikuwa na mchezo wao wa mpira kila Ijumaa alfajiri, kabla jua halijawa kali. Jairus akaufukuza mpira, mara akasikia mtu amempiga teke la nguvu nyuma ya kisigino, na mlio kama kuni kavu inavunjwa. Akageuka kugombana. Mganda aliyekuwa karibu zaidi alikuwa Nasifu, na huko karibu kwenyewe ni golini.

"Nasifu, mbona unanipiga teke?"

"Kwa mguu gani, ndugu yangu? Mimi niko huku."

Hakukuwa na teke. Ulikuwa ni ule mshipa mnene unaoshuka nyuma ya mguu hadi kisiginoni. Kama umewahi kumtundika mbuzi kumchuna unaujua, ndipo unapopitisha kamba. Ulikuwa umekatika kabisa. Nasifu akambeba mgongoni mpaka barabarani, na Dorah anasema hadi leo Nasifu hudai kwamba siku hiyo Uganda ilishinda, kwa sababu mchezaji wa Kenya alitolewa uwanjani na kipa wa Uganda.

Huyu Nasifu si mchezaji mwenzake tu. Wanakaa fleti moja huko Al Muraqqabat, ya watu wengi, chumba kimegawanywa kwa mbao. Upande mmoja wa ubao kitanda cha Jairus, upande wa pili Nasifu na mkewe Fauziya, ambaye anatengeneza nywele saluni ya chini barabarani. Ubao huo ni mwembamba kiasi kwamba Jairus akipiga chafya Fauziya humwambia pole bila kuinuka.

Madaktari walimpasua wakaushona mshipa. Hilo lilikwenda vizuri. Mshipa ukashika. Shida ikawa ngozi ya juu. Walipotoa nyuzi, mshono ulikuwa umefunga juu na umefunga chini, lakini katikati umeacha mlango, kwanza kama punje ya hindi, wiki iliyofuata kama harage. Daktari wake, mzee mmoja mpole aitwaye Ghanim, alimweleza kwamba mahali pale ngozi ni nyembamba, nyama hakuna, na damu hufika kwa kuchelewa. Wakampima sukari, haikuwa na neno. Basi daktari akampa wiki mbili, kutoka Alhamisi hiyo hadi Alhamisi ya pili baada yake. Kidonda kikionyesha dalili ya kujaa, wataendelea kukifunga na kusubiri. Kisipoonyesha, watamrudisha kwenye chumba cha upasuaji, wachukue ngozi pajani wakiwekee kiraka.

Sasa kiraka ni miezi mitatu mingine kitandani. Na supavaiza wake, Hudson, alikuwa ameshamwambia waziwazi, bila ubaya, kwamba nafasi yake itashikiliwa hadi mwisho wa mwezi tu. Baada ya hapo kampuni itampa tiketi ya kurudi nyumbani. Jumba lile linataka watu wenye miguu. Kwa hiyo kazi yote ya Jairus, na miaka miwili aliyobakiza kwenye mkataba wake, ilikuwa imeingia ndani ya tundu moja dogo la ukubwa wa harage.

Aliyekuwa akikifunga kidonda ni nesi mmoja aitwaye Jumana. Huyu amezaliwa huko huko Dubai, lakini bibi yake ni mtu wa Unguja, na Kiswahili alikinyonya kwa bibi. Jairus alipomsikia mara ya kwanza alifurahi sana, kwa kuwa tangu apasuliwe alikuwa akiulizwa maumivu yake kwa Kiingereza na Kiarabu, na yeye maumivu ameyajua kwa Kiluhya. Alhamisi ile Jumana alikisafisha kidonda, akakipaka dawa fulani yenye utelezi kama mrenda, akaweka bandeji, na alipokuwa akivua glavu akamwambia, "Hiki hakitaki kukauka, kaka'angu. Basi uwe nacho makini." Kisha akaitwa chumba cha pili, akaenda.

Jairus akatoka na magongo yake, uso umemshuka. Kwenye teksi alimpigia Dorah akasema hata nesi amekata tamaa. Amesema wazi. Hakitaki kukauka.

Jioni hiyo kikao kikakaa Al Muraqqabat. Nasifu alikuwa na zamu ya usiku, kwa hiyo kikao kilikaa mapema, yeye amekwisha vaa sare. Jairus akawatolea ripoti. Fauziya akasikiliza hadi mwisho, halafu akasema kwa ile sauti yake ya kumtuliza mteja anayelia kwa sababu ya kusukwa, "Kama hakitaki, si tutakilazimisha?"

Akashuka saluni akarudi na draya, ile mashine ya mkononi ya kukaushia nywele. Wakaifungua bandeji. Ule utelezi wakaupangusa na tishu, Nasifu akishangaa kwamba kidonda kina shida ya maji na hospitali inakiongezea maji. Fauziya akaweka draya kwenye upepo wa baridi, kwa maana yeye si mjinga, anajua moto utaunguza, akakipuliza kidonda dakika kumi. Asubuhi dakika kumi. Jioni dakika kumi. Kati ya hapo feni ya Nasifu ilihamishwa upande wa Jairus, na Nasifu akalala mchana kwa joto bila kulalamika, ingawa Dorah anasema alilalamika kidogo.

Jumamosi ndipo Jairus aliponipigia mimi. Sikujua habari za mshipa wala daktari. Nilisikia tu kidonda hakitaki kukauka. Nikamwambia, "Kianike juani, mwanangu. Kidonda ni kama mahindi. Ukikiacha na unyevu kitaota ukungu."

Basi mjukuu wangu, mtu mzima wa miaka thelathini na moja, saa tano za asubuhi, mwezi wa saba, Dubai, akatoa mguu nje ya reli ya baraza. Alidumu nao pale kwa muda wa kuhesabu hadi mia mbili. Mpakistani wa fleti ya pili alitoka kuanika nguo, akautazama ule mguu, akautazama tena, akamwuliza kama anahitaji pini ya kuubania.

Dorah alipofika hapo kwenye hadithi nilikuwa nimeshika maharagwe mkononi nimesahau kuyaweka. Nikamwuliza ni nani aliyemshauri kufanya upumbavu huo. Alinitazama tu, akaendelea kuchambua.

Kufikia Jumanne kidonda kilikuwa kimefanya gamba gumu jeusi, na fleti nzima ilifurahi. Fauziya alilipiga picha akaituma kwa dada yake aliyeko Iganga, Uganda. Kweli pembeni palikuwa pamepasuka na pamekuwa pekundu, na Jairus alikuwa akisikia kama ngozi inavutwa, lakini kukauka kilikuwa kimekauka, na hilo ndilo alilotaka kumwonyesha Jumana. Alifunga bandeji mwenyewe juu yake, vizuri kabisa, akaenda kliniki akiwa na furaha.

Jumana akafungua. Akainama.

"Hiki mbona kimekauka hivi?"

"Tunashukuru Mungu, sista," Jairus akasema.

Akainua macho kumtazama. "Unashukuru nini? Dawa yangu iko wapi?"

Jairus akamweleza. Hakuficha kitu. Alieleza upepo wa baridi, dakika kumi na dakika kumi, feni, baraza, na nyanya yake wa Vihiga anayejua mahindi. Jumana alikuwa amesimama, akavuta kigoda akakaa.

"Kaka'angu, mie nilikwambia nini siku ile?"

"Uliniambia hakitaki kukauka."

"Enhe. Na wewe ukafanya nini?"

"Tukakilazimisha."

Dorah anasema Jumana aliinamisha kichwa kwenye kile kitanda cha wagonjwa, mabega yakawa yanatikisika, na Jairus akaogopa, akidhani amemliza nesi. Alipoinuka alikuwa akifuta machozi kwa mkono wa sare. Akamweleza kwamba bibi yake akisema wali hautaki kukorogwa, hana maana kwamba wali ni mkaidi. Ana maana usiukoroge. Hakitaki kukauka, yaani kisikauke. Kisikauke hata siku moja.

Nami nikaona ukweli wake hapo hapo kwenye ungo, kwa kuwa jana yake, tukipika mengine kama haya, nilikuwa nimemwambia Dorah kwamba maharagwe haya hayataki moto mwingi, na hakwenda kuyaongezea kuni.

Kisha Jumana akamfundisha, taratibu, huku akililowesha gamba lile kwa maji ya chumvi ya hospitali na kulitoa kidogo kidogo. Ngozi mpya, alisema, haitokei chini peke yake ikaruka juu. Ngozi hutambaa kutoka pembeni kuelekea katikati, kama mtoto anayejifunza, na hutambaa penye unyevu. Ukikausha, inafika kwenye gamba na kusimama. Kwa hiyo siku zote tano walizokuwa wakishangilia, kidonda kilikuwa kimesimama mlangoni kinangoja kufunguliwa. Akamwuliza anakula nini. Jairus akasema chai na mkate, na jioni wali, kwa sababu mtu asiyefanya kazi anaona aibu kula sana. Jumana akasema aibu hiyo aiache, kidonda kinajengwa kwa mayai, maharagwe, na samaki. Akamwuliza pia mguu anauweka wapi. Chini, akasema Jairus, mguu si ndio kazi yake kuwa chini.

Jumana akachukua karatasi, akaandika kwa kalamu nene, maneno ambayo hata mtu wa bara hawezi kuyageuza: KISIKAUKE. KISIGUSWE. MGUU JUU. MAYAI. Akasema ibandikwe juu ya ile draya.

Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Nilimwambia Dorah kwamba mimi nilikuwa nimechanganya ghala na shamba. Mahindi ya ghalani huanikwa, lakini mahindi ya mbegu unayatia kwenye udongo uliolowa, na hakuna aliyewahi kuotesha mbegu juani. Dorah akasema ningemwambia hivyo mwezi wa saba ingesaidia. Nikamwambia mwezi wa saba aliniambia ni mkwaruzo. Tukawa sare.

Turudi Dubai. Fauziya aliposikia alijilaumu jioni nzima, akidhani amemharibia mtu kazi kwa mashine yake ya saluni. Nasifu naye aliona kwamba tatizo ni kukosa utaratibu. Yeye ni askari wa lindo miaka saba, na anaamini kitu kisichoandikwa kwenye kitabu cha matukio hakijalindwa. Akanunua daftari, akaandika juu yake KIDONDA, na tangu siku hiyo kidonda cha Jairus kikawa na lindo. Dorah ameliona daftari hilo kwa macho yake, na mengine aliyakariri.

"Saa moja asubuhi. Nimepokea zamu. Bandeji ipo, haijaguswa. Mguu juu."

"Saa saba mchana. Mhusika amejaribu kushusha mguu ili afuate rimoti. Ameonywa."

"Saa kumi na moja jioni. Fauziya ameingia na mayai mawili. Ametoka bila mayai. Draya iko kabatini, funguo ninazo mimi."

Nasifu akienda kazini, Fauziya hushika kalamu. Yeye aliandika kwa kifupi zaidi, kwa mfano, "Amekula. Amenuna." Mguu uliwekwa juu ya sanduku la nguo, juu ya sanduku mto, na Jairus alilala siku tisa akitazama vidole vyake kama mtu anayetazama televisheni. Kila siku ya pili alikwenda kwa Jumana, akapakwa ule mrenda, akarudi. Mayai alikuja kuyachukia. Fauziya akambadilishia dagaa wa ziwani kwao, wale wa Uganda wanawaita mukene, na Jairus akasema harufu yao peke yake inatosha kumwamsha maiti, seuze kidonda. Lakini alikula. Usiku, Dorah anasema, alikuwa hatazami tena simu. Alikuwa akihesabu siku.

Kila alipomwuliza Jumana kinaendaje, Jumana alisema atasema daktari.

Alhamisi ikafika. Dorah aliomba ruhusa ya asubuhi akampeleka kwa teksi. Walipokuwa wakitoka, Nasifu alikuwa anaingia kutoka zamu ya usiku, macho mekundu. Wakamwambia alale. Akasema hawezi kulala zamu haijakabidhiwa. Akaketi kwenye kitanda cha Jairus na sare yake na viatu vyake, daftari gotini.

Daktari Ghanim alikitazama kidonda kwa muda mrefu. Alikibonyeza pembeni kwa kidole. Alichukua rula ndogo ya karatasi akapima. Alisema kitu kwa Jumana kwa Kiarabu, Jumana akaandika. Kisha akavua glavu akazitupa, akamgeukia Jairus, akasema neno moja.

"Khalas."

Neno hilo kila mfanyakazi wa Dubai analijua. Maana yake imekwisha. Ukiambiwa na arbab wako, yaani bosi, khalas, unakwenda kufunga sanduku. Dorah anasema aliona rangi ikimtoka Jairus, akaona mkono wake unatafuta magongo. Halafu akaona anabadili nia, anayarudisha magongo ukutani. Mtu aliyekwisha kulazimisha kidonda mara moja amejifunza.

"Daktari," akasema, "samahani. Khalas nini?"

Mzee akashangaa kidogo, kisha akacheka, akamwelekezea Jumana aeleze.

"Khalas upasuaji," Jumana akasema. "Hakuna kiraka. Njoo utazame mwenyewe." Akamshikia kioo kidogo nyuma ya mguu, na Jairus akaona mahali palipokuwa na tundu pamejaa nyama nyekundu yenye vichembe vichembe kama ndani ya pera lililoiva, na pembeni yake mzunguko mwembamba wa ngozi mpya ya waridi, inatambaa. Hakikuwa kimefunga. Bado kulikuwa na wiki tano au sita za mrenda na mayai. Lakini kilikuwa kinakwenda, na daktari alikuwa tayari kuandika barua kwamba mwisho wa mwezi aweza kufanya kazi ya kukaa, mguu juu ya kiti.

Hudson alipigiwa simu pale pale kwenye baraza ya kliniki. Wakasikia karatasi zinapinduliwa. Akasema kuna kiti kwenye chumba cha kamera, mtu wake anakwenda likizo, na macho ya Jairus hayajashonwa. Kisha akasema, yalla, haya basi, akakata simu kabla hajashukuriwa.

Walipofika Al Muraqqabat ilikuwa saa nne na nusu. Fauziya alikuwa saluni, lakini alikuwa amekwisha piga simu mara nne. Nasifu alikuwa palepale kitandani, ameketi wima, macho wazi kwa nguvu kama mtu aliyeyashikiza na vijiti. Alimtazama Jairus miguu, akamtazama uso, akafungua daftari.

"Sema nitakavyoandika."

"Andika kimeanza kufunga," Jairus akamwambia. "Andika hakuna kiraka. Andika Jairus haendi nyumbani."

Nasifu akaandika yote matatu, kila moja na mstari wake. Chini yake akaandika: "Zamu inakabidhiwa." Akageuza daftari akamsukumia Dorah, akamwonyesha kwa kalamu mahali pa kuweka sahihi. Dorah akasema yeye si askari. Nasifu akamwambia, dada yangu, mimi nimesimama tangu jana saa kumi na mbili, weka sahihi. Akaweka. Alipoinua kichwa Nasifu alikuwa amekwisha anguka ubavu, kwenye kitanda ambacho si chake, viatu mguuni, anakoroma.

Jairus alipoona kitanda chake kimechukuliwa hakutaka kumwamsha. Alikwenda upande wa pili wa ubao, kwa Nasifu na Fauziya, akajinyoosha. Dorah akamletea sanduku na mto, akaupandisha mguu. Alimwuliza kama ataka chai kwanza. Alikuwa amekwisha lala, midomo imefunguka kidogo, vile alivyokuwa akilala utotoni nikimbeba mgongoni.

Basi Dorah akabaki na zamu. Kazini alitakiwa saa tisa. Akaketi sakafuni katikati, hapo ubao unapoishia, anapoweza kuwaona wote wawili, daftari mapajani. Alisoma kurasa zote, tangu bandeji ipo hadi hakuna kiraka. Feni ilikuwa inageuka huku na huku, ikimfikia, ikimwacha. Alipofika kwenye sahihi yake alichukua kalamu, akaandika saa tano kasoro, hali shwari, mguu juu, akaegemea ubao.

Yaliyofuata baada ya hapo hakuweza kuniambia, kwa sababu hata yeye alilala.